Kukifukuza Kifo kwa Maigizo: Tero Buru ya Waluo

Mtahiniwa akiulizwa dhima ya miviga, aghalabu huandika kwamba huhifadhi utamaduni, huelimisha na hudumisha umoja. Majibu hayo hupata alama, lakini swali moja hubaki: miviga huwafanyia nini wenye majonzi? Makala haya yanalijibu kwa mfano wa tero buru, mviga wa matanga wa Waluo wa ufuo wa Ziwa Victoria, kuanzia Siaya na Kisumu hadi Homa Bay.

Hapo awali, mzee alipofariki, wanaume walishika mikuki, ngao na marungu, wakavaa ngozi na manyoya, kisha wakawaswaga ng'ombe hadi nyikani. Huko walipigana na adui asiyeonekana, yaani kifo. Walidunga hewa kwa mikuki, wakapiga mayowe, halafu wakarejea bomani kwa mbio na nyimbo. Katika matanga hayo mpigaji nyatiti alikatizwa na waombolezaji waliotaka kutoa pakruok, ambayo ni majigambo ya kujisifu na kuwasifu jamaa.

Kifasihi, hapa pana maleba, vifaa, mandhari, mgogoro na vitendo. Tofauti na mchezo wa jukwaani, hadhira yenyewe ndiyo fanani. Waluo walisema wanakifukuza kifo. Kwa maoni yangu, walipata na jambo jingine: mwanamume aliyeona haya kulia alipewa adui wa kupigana naye, tena akiwa katikati ya wenzake.

Ulaya ilifikia wazo lililo karibu na hili kwa njia nyingine. Jacob Moreno (1889–1974), daktari aliyezaliwa Romania, alianzisha maigizo ya papo kwa papo mjini Vienna katika miaka ya 1920, kisha akaendeleza tiba ya saikodrama nchini Marekani. Mgonjwa wake hakusimulia tu shida yake, aliiigiza. Hata hivyo, kwa Moreno kisa kilikuwa cha mtu mmoja na kiliongozwa na mtaalamu. Katika tero buru kisa ni cha kijiji kizima.

Mviga huu ulififia kwa sababu kadhaa. Makanisa mengi yaliupinga. Kisha ukaja UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba takriban asilimia 15 ya watu wazima waliopimwa Nyanza walikuwa na virusi, zaidi ya maradufu ya wastani wa nchi. Palipokuwa na mazishi kila wiki, matanga marefu yalikuwa mzigo usiobebeka. Katika miaka hiyo hiyo shirika la PATH lilieneza nchini mbinu iitwayo Magnet Theatre, iliyotumiwa pia magharibi mwa Kenya. Waigizaji walirudi mahali pale pale kwa saa ile ile, wakaigiza tatizo hadi penye utata, wakasimama. Mtazamaji akaingia kuigiza suluhisho. Hadhira ikawa fanani tena.

Mwalimu, tahadhari. Nilipofundisha mada hii katika Kidato cha Tatu, nilimteua mvulana mmoja aongoze mbele ya darasa. Alishika fimbo tuliyoiita mkuki, akaiweka chini, akatoka nje. Baadaye niliambiwa kuwa alikuwa amefiwa na babake muhula uliotangulia. Kosa langu halikuwa kuigiza matanga. Nilimsimamisha mtoto peke yake mbele ya watazamaji, jambo ambalo mviga wenyewe haukulifanya. Siku hizi darasa zima huigiza pamoja, na asiyetaka huachwa bila kuulizwa sababu. Mimi si tabibu; mwanafunzi mwenye jeraha zito humpeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha.

Basi mtahiniwa aongeze hoja hii: miviga ya mazishi huwapa wafiwa nafasi ya kuyatenda majonzi yao pamoja na jamii. Kisha aitaje tero buru, na aeleze ni nani anayeigiza.