Kutoka Tafsiri hadi Kumbukumbu: Historia ya Makumbusho ya Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Waseda

Utangulizi

Onyesho la jukwaani halidumu. Pazia likishafungwa, hubaki vipande tu: muswada, picha, vazi, tangazo na kumbukumbu za watazamaji. Makala hii inachunguza jinsi vipande hivyo vilivyogeuzwa kuwa hifadhi ya kitaaluma katika Makumbusho ya Tsubouchi ya Sanaa za Maonyesho, yaliyofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, mwezi Oktoba 1928. Hoja inayotetewa ni kwamba chimbuko la makumbusho hayo ni kazi ya kutafsiri.

Mfasiri na Jengo Lake

Tsubouchi Shōyō (1859–1935) alikuwa mwalimu, mhakiki na mtunzi wa tamthilia. Mwaka 1884 alitoa tafsiri ya Julius Caesar kwa mtindo wa jōruri, yaani usimulizi wa kughani unaoandamana na maonyesho ya vikaragosi. Mwaka 1963 Julius K. Nyerere naye alianza na tamthilia hiyohiyo alipomleta Shakespeare katika Kiswahili. Swali lililowakabili wote wawili ni moja: Shakespeare azungumze kwa mapigo ya ushairi gani? Ili kulijibu, Tsubouchi alihitaji kulijua kwa undani jukwaa la kabuki sawa na lile la London.

Makumbusho yalijengwa kwa michango ya wahisani wengi, kuadhimisha umri wake wa miaka 70 kwa hesabu ya Kijapani, pamoja na kukamilika kwa tafsiri yake ya kazi zote za Shakespeare katika majuzuu 40. Msanifu Imai Kenji alifuata umbo la Fortune, ukumbi uliojengwa London mwaka 1600. Sehemu ya mbele ya jengo imejitokeza kama jukwaa, na huweza kutumiwa kwa maonyesho.

Haja ya hifadhi ilikuwa dhahiri. Tetemeko la ardhi la Septemba 1923, pamoja na mioto iliyofuata, liliteketeza maktaba na kumbi nyingi za Tokyo. Mashambulizi ya anga ya mwaka 1945 yaliharibu sehemu ya chuo, lakini makumbusho yalinusurika.

Makusanyo na Matumizi Yake

Leo makusanyo yanakadiriwa kufikia vitu milioni moja: vitabu, miswada, mavazi, vinyago, picha za maonyesho, na zaidi ya picha 40,000 za rangi zilizochapwa kwa mbao za kuchongwa. Nyingi kati ya picha hizo ni za waigizaji wa kabuki.

Thamani ya makusanyo hayo hutokana na ujirani wa vitu. Mwaka 1842 serikali ya Tokugawa ilipiga marufuku picha za waigizaji. Ziliporejea sokoni, wachapaji walikwepa kuandika majina yao. Picha ya aina hiyo ikiwa peke yake ni bubu. Ikilinganishwa na ratiba iliyochapwa ya ukumbi husika na mhuri wa mkaguzi, mtafiti huweza kutambua mwigizaji, tamthilia na hata mwezi wa onyesho. Kitu kimoja kikipotea, vingine navyo hupoteza sehemu ya maana.

Hitimisho

Historia hii inaugusa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili moja kwa moja. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein husomwa kwa sababu ilichapishwa mwaka 1969. Vichekesho, ambavyo kwa kiasi kikubwa viliigizwa bila muswada, havina kinga hiyo. Historia ya tamthilia ikiandikwa kwa kutegemea vitabu pekee, kilichochapwa huchukuliwa kuwa ndicho kilichoigizwa, na sanaa iliyopendwa na umma hufutika. Mfano wa Waseda unaonyesha kuwa ratiba, tangazo na picha ya mwigizaji ni matini, na kwamba kuzikusanya pamoja, mapema, ni sehemu ya kazi ya mwanafasihi.