Kipozainjini: Istilahi na Kazi Yake katika Magari ya Zamani ya Tabora

Katika gereji nyingi za Tabora, kiowevu kinachozunguka ndani ya injini na kurudi kwenye rejeta huitwa maji ya rejeta, na waliozoea magari mapya zaidi hukiita kulanti. Makala haya yanatumia istilahi kipozainjini, iliyoundwa kutokana na kitenzi poza, yaani kufanya kitu kipoe, kikitanguliwa na kiambishi ki- kama katika majina mengi ya vifaa, kwa sababu istilahi hiyo hutaja kazi ya kiowevu bila kukifunga kwenye maji. Kukifunga kwenye maji kuna madhara: dereva aliyezoea kusikia kwamba ndani ya rejeta mna maji huona ni sawa kujazia maji yoyote yaliyo karibu, na katika Land Rover au Land Cruiser kuukuu inayobeba asali kutoka Sikonge au tumbaku kutoka Urambo, mazoea hayo hufupisha sana maisha ya injini.

Mazoea yenyewe yana sababu. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji ilipanga vituo vyake kwa kufuata maji, na Mgunda Mkali, nyika iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi, iliogopwa na wapagazi kwa sababu ya ukosefu wa maji na chakula. Barabara ya leo kutoka Itigi kwenda Tabora hupita pande hizohizo, na gari likichemsha huko wakati wa kiangazi, dumu la maji ya lambo ndilo hukimbiliwa. Kwa dharura hilo halina lawama. Kosa ni kuyaacha maji hayo ndani ya injini miezi na miaka, yakiwa na matope na chumvi zake.

Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi za Selsiasi, ambazo haziko mbali na joto la kawaida la injini inayofanya kazi. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu ethilini glikoli, ambayo ndiyo kemikali kuu ya kipozainjini, huchemka kwenye nyuzi 107 hivi katika usawa wa bahari, na mfuniko wa rejeta wenye springi na mpira mzima huongeza kiwango hicho kwa kuushikilia mgandamizo ndani. Katika nchi za baridi kiowevu hiki hupewa jina lenye maana ya kizuia kuganda, na jina hilo likitafsiriwa hivyo kwa Kiswahili litamfanya msomaji wa Tabora aone kwamba halimhusu. Kumbe kinachomhusu zaidi ni viambato vinavyokinga chuma cha bloku na aluminiamu ya hedi dhidi ya kutu, ambavyo katika aina za zamani huisha nguvu baada ya miaka miwili hivi, ingawa rangi ya kijani huweza kubaki ileile.

Kazi ambayo mafundi huiita kuflashi inafaa kuitwa kusuuza, kitenzi ambacho kila nyumba hukitumia kwa vyombo na nguo, na ambacho tayari kina maana ya kupitisha maji safi mpaka uchafu uishe. Husuuzwa mfumo mzima, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa bomba la chini ya rejeta likifunguliwa peke yake, sehemu kubwa ya kiowevu cha zamani hubaki ndani ya bloku, ambayo katika injini nyingi ina koki au skrubu yake ubavuni. Injini huachwa ipoe kabisa kabla ya mfuniko kuguswa, kwani mvuke uliobanwa huunguza. Kiowevu cha zamani kikishamwagwa, hujazwa maji safi, huwashwa mpaka thermostati, yaani vali inayoendeshwa na joto, ifunguke na mpira wa juu wa rejeta upate moto, huzimwa, hupoa, humwagwa, na mzunguko huo hurudiwa mpaka maji yatoke bila wekundu wa kutu.

Kwa kuwa maji ya kusuuzia hayatoki yote, kipozainjini kisichochanganywa hutangulia kwa kiasi cha nusu ya ujazo wa mfumo mzima, ndipo hufuata maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliorudishwa kuwa maji yasiyo na madini. Kilichouzwa kikiwa kimeshachanganywa hakifai kutiwa juu ya mabaki hayo mengi, kwa sababu kitazimuliwa mara ya pili. Baadaye hutolewa upepo uliobaki ndani ya mfumo, na kimo hukaguliwa tena injini ikiwa imepoa.

Kiowevu kilichomwagwa ni sumu yenye utamu unaovutia mbwa na watoto, hivyo hukingwa kwenye karai na kufungiwa katika dumu lililoandikwa, wala hakimwagwi kwenye mtaro au karibu na kisima.