Gari Nusu: Umalize ama Uuze?

Kama uko na gari ulilolianza ukaliacha njiani, hilo swali umeshaulizwa na kila mtu nyumbani. Wengi hulijibu kwa hesabu ya doo peke yake: limekula ngapi, litakula ngapi, likiuzwa litarudisha ngapi. Hiyo hesabu ni muhimu, lakini haitoshi. Wasee, kuna watu walisimama hapo hapo kitambo, na walichoamua kinatufunza kuliko kikokotoo cha simu.

Tuanze Uingereza. Mwaka wa 1957 kampuni ya Lotus, ya Colin Chapman, ilileta Lotus Seven: gari dogo, jepesi, lisilo na milango ya maana, na ungeweza kulinunua likiwa vipande ukaliunga mwenyewe nyumbani. Kwa nini vipande? Kodi. Gari jipya lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, vipande havikutozwa. Inasemwa hata maelekezo ya kuunga yalikatazwa, kwa hivyo Lotus wakawapa wateja maelekezo ya kulifungua gari, wayasome kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Wajanja hawakuanza leo, bana.

Halafu 1973 VAT ikaingia Uingereza na ule unafuu ukaisha. Chapman naye akili yake ilikuwa imehamia kwa Formula 1 na magari ya bei ya juu. Angeweza kuling'ang'ania Seven kwa sababu ya jina tu. Hakufanya hivyo. Aliuza haki za kulitengeneza kwa Caterham, watu waliokuwa wakiliuza hilo gari kwa miaka na walikuwa wanalipenda. Caterham wakarudi kwa muundo wa zamani ambao wateja waliutaka, na mpaka leo wanatengeneza Seven. Bado unaweza kulinunua likiwa vipande. Kwa hivyo kuuza hakukuliua lile gari. Kuliliokoa.

Twende Marekani. Mwaka wa 1964, California, Bruce Meyers alitengeneza Meyers Manx, bagi ya mchangani yenye bodi ya faibaglasi na mitambo ya Volkswagen Beetle. Watu wakawa wananunua bodi, wanavua Beetle kuukuu nguo zake, wanaivisha hiyo. Ilipendwa sana hadi kila mwenye karakana akaiga. Meyers akaenda kortini kutetea ubunifu wake, akashindwa, na 1971 kampuni ikafungwa. Alipoteza pesa, lakini bagi zilienea duniani kote. Ziliigwa kwa sababu ile ya kwanza ilikamilika na ikaonekana ikikimbia. Hakuna mtu huiga gari lililo juu ya mawe.

Sasa turudi nyumbani, na hapa ndipo huwa naskia uchungu. Mwaka wa 1986 Rais Moi aliuambia Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama litakuwa na sura mbaya ama liende polepole. Wahandisi wetu hawakucheza. Magari matano ya majaribio yakaundwa, Nyayo Pioneer, yenye uwezo wa kufika kilomita 120 kwa saa. Yakazinduliwa Kasarani 1990. Shirika la Nyayo Motor likaundwa ili yatengenezwe kwa wingi. Kisha pesa zikakosekana. Hakuna gari hata moja lililofika sokoni, na shirika likaishia kuwa Numerical Machining Complex, kiwanda cha kutengeneza vipuri vya chuma.

Angalia vizuri tofauti. Seven liliuzwa likaishi. Manx ilikamilika ikaigwa. Nyayo halikumalizwa, na wala halikupewa mtu mwingine wa kulimaliza. Mimi naona hilo chaguo la tatu, la kufunika turubai na kusema "tutaona", ndilo baya kuliko yote. Na ndilo wengi wetu huchagua bila kujua tumechagua.

Nayasema haya kwa sababu yananihusu. Mjomba wangu alianza kuunga bagi ya aina hiyo Ruiru, juu ya chesisi ya Beetle. Mgongo ukamlemea, kazi ikasimama. Bodi iko, injini imefunguliwa nusu, na ploti inatakiwa kujengwa nyumba za kupangisha. Mama amesema niamue kabla ya Desemba, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nashika spana.

Kwa hivyo nimejiuliza maswali matatu. Je, kazi iliyobaki naijua, ama naikisia tu? Je, kuna pesa ya mwezi huu ya kufanya hatua inayofuata, si ya "siku moja"? Je, kuna mtu anayelitaka kuniliko? Majibu yangu: nakisia, hakuna, na ndiyo, yuko fundi wa Beetle pale Thika ambaye ameshaliulizia mara mbili.

Nitauza. Lakini nitauza kama Chapman: zima, kwa mtu wa kulimaliza. Nimeshaanza kuweka bolti kwa mifuko na kuandika kila moja inaingia wapi, logbuku na risiti ziko pamoja, na bei itashuka kwa atakayelichukua lote. Wa chuma chakavu wasinipigie. Nilipomweleza mjomba alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huyo fundi anajua ile gia ya pili hukwama. Nikamwambia, "Mjomba, si umweleze mwenyewe?" Jumamosi anakuja na matatu kumwonyesha.

Na wewe, lako liko chini ya turubai tangu mwaka gani?