Sindano 365 kwa Mwaka, na Saa ya Kampuni

Wasee, leo tuongee sindano. Si ile ya tetanasi unadungwa mara moja unaenda zako. Naongelea mtu kujidunga mwenyewe nyumbani, leo paja, kesho tumbo, keshokutwa mkono, miaka nenda miaka rudi.

Ugonjwa unaitwa multipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia ganda la neva. Fikiria waya wa stima ambao panya ametafuna plastiki yake: leo taa inawaka, kesho inazimazima. Macho yanafifia, mguu unakuwa mzito, uchovu unakuangusha hata kabla ya saa sita. Karibu na ikweta hauko sana kama kule kaskazini, ndiyo maana wengi wetu hatujawahi kuusikia, lakini upo.

Daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, aliueleza vizuri mwaka 1868. Dawa ya kwanza ya kubadilisha mwendo wake ilikubaliwa Marekani mwaka 1993. Miaka 125, mazee!

Hiyo dawa ni Betaseron, aina ya intaferoni, yaani protini ambayo mwili hutoa ukipambana na virusi. Unajidunga siku moja, unaruka moja, kama sindano 182 kwa mwaka, na wengi walipata homa na baridi kama ya mafua baada ya kila dozi. Bado watu waliigombania. Haikutosha, kwa hivyo wagonjwa waliandikishwa na foleni ikapangwa kwa bahati nasibu. Soma hiyo tena. Bahati nasibu, kama ya kushinda gari.

Mwaka 1996 zikaja mbili zaidi. Avonex ilikuwa mara moja kwa wiki, ila sindano yake inaingia hadi kwenye msuli. Ya pili, Copaxone, ilikuwa kila siku. 365. Ngozi za watu zilibaki na vishimo.

Hadithi ya Copaxone naipenda sana. Kwenye taasisi ya Weizmann, Israeli, watafiti Michael Sela, Ruth Arnon na Dvora Teitelbaum walitengeneza kemikali ya kuigiza protini ya lile ganda la neva, wakitarajia iwape wanyama wa maabara ugonjwa unaofanana na MS. Ikagoma. Badala ya kuwaumiza, ikawakinga! Kutoka hapo mpaka dawa kukubaliwa ni kama robo karne.

Sasa twende kwa pesa. Kamati ya Bunge la Marekani ilichapisha ripoti mwaka 2020: tangu 1997, kampuni ya Teva ilikuwa imepandisha bei ya Copaxone mara 27, kutoka chini ya dola 10,000 kwa mwaka hadi karibu 70,000. Dawa ni ileile.

Januari 2014, hataza ya dozi ya kila siku ikiwa inakaribia kuisha, ikaja dozi mpya: miligramu 40, mara tatu kwa wiki. Kutoka 365 hadi 156. Wagonjwa wengi wakahamia huko. Aprili 2015, nakala ya kwanza ya bei nafuu ikakubaliwa, lakini ya nini? Ya ile miligramu 20 ambayo wengi walikuwa wameshaiacha. Nakala ya miligramu 40 ilingoja hadi Oktoba 2017. Ripoti ile ya Bunge inaonyesha kwamba kuwahamisha watu ulikuwa pia mpango wa kuzikwepa nakala.

Mtu asiniambie nachukia maendeleo. Ukipunguziwa sindano 209 kwa mwaka, huo ni mwili wako umepumzika, si matangazo. Shida yangu ni ile saa. Kwa nini nafuu ya ngozi ilifika karibu pamoja na mwisho wa hataza?

Zingine zimeendelea kupungua. Plegridy ya 2014 ni kila wiki mbili. Zinbryta, mara moja kwa mwezi, ilikubaliwa 2016 na kuondolewa sokoni 2018 baada ya wengine kupata uvimbe mbaya wa ubongo, kwa hivyo sindano chache si lazima ziwe salama. Kesimpta ya 2020 pia ni ya kila mwezi, baada ya dozi za kuanzia. Mwaka 2024 Marekani ikakubali Ocrevus ya kudungwa chini ya ngozi na mhudumu wa afya, mara mbili kwa mwaka. Mbili!

Oktoba 2024, Tume ya Ulaya iliipiga Teva faini ya yuro milioni 462.6 kwa mbinu zake za kulinda Copaxone. Teva ikasema itakata rufaa. Na dawa yenyewe, ile iliyogoma kuugua wanyama, Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu Julai 2023, pamoja na cladribine na rituximab. Kabla ya hapo, hakukuwa na dawa hata moja ya MS kwenye orodha hiyo.