Ahadi ya Maandishi: Historia ya Vyeti vya Kutibu Shehena dhidi ya Wadudu

Shehena ya mahindi, maua, mbao au parachichi inapovuka mpaka wa nchi huandamana na hati ambazo hata wasafirishaji wazoefu huzichanganya. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na serikali ya nchi inayouza, nacho huihakikishia serikali ya nchi inayonunua kwamba shehena imekaguliwa na haina visumbufu vilivyokatazwa, yaani wadudu, vimelea na magugu ambayo mnunuzi hataki yaingie kwake. Cheti cha ufukizaji hutolewa na fundi mwenye leseni aliyeifungia shehena ndani ya kontena au chini ya turubai akaingiza gesi ya sumu, na hutaja gesi iliyotumika, kipimo chake, saa zilizopita na joto lililokuwapo. Hati zote mbili zina historia moja, ambayo kwa sehemu kubwa ni historia ya kuhamisha mzigo: kazi ya kuzuia wadudu, iliyokuwa ya afisa wa bandari ya kupokelea, ilisogezwa hatua kwa hatua hadi ikawa ya mkulima, fundi na serikali ya nchi ya asili.

Mwanzo wake unahusishwa na mdudu mdogo wa jamii ya vidukari aitwaye filoksera, mwenye asili ya Amerika ya Kaskazini, aliyefika Ufaransa pamoja na miche ya mizabibu na ambaye mwaka 1868 mtaalamu wa mimea Jules-Émile Planchon na wenzake walimkuta akifyonza mizizi ya mizabibu iliyokuwa ikikauka kusini mwa nchi hiyo. Mizabibu ya Amerika ilikuwa imeishi naye muda mrefu ikamzoea. Ile ya Ulaya haikuwa na kinga yoyote. Uzalishaji wa divai ya Ufaransa, uliozidi hektolita milioni 80 mwaka 1875, ulishuka hadi takriban milioni 23 mwaka 1889. Wakulima walidunga kemikali ardhini, wakafurikisha mashamba kwa maji, na hatimaye wakaokoka kwa kupandikiza vikonyo vya mizabibu yao juu ya mashina ya mizabibu ya Amerika, hivyo kwamba tiba ilitoka kulekule ulikotoka msiba.

Kwa historia ya vyeti, hata hivyo, lililo zito zaidi ni mkutano wa Bern, Uswisi, mwaka 1878, ambako mataifa saba ya Ulaya yalitia saini mkataba wa kwanza wa kimataifa dhidi ya kisumbufu cha mimea. Mkataba huo, pamoja na ule ulioufuata mwaka 1881, uliruhusu mimea isiyo mizabibu kuvuka mipaka kwa sharti kwamba mpelekaji atoe tamko na mamlaka ya nchi ya asili ithibitishe kwa maandishi kuwa mimea hiyo ilitoka katika ardhi iliyotenganishwa na mzabibu wowote kwa nafasi ya angalau mita 20 au kwa kizuizi kingine ambacho mizizi haiwezi kukivuka. Hati hiyo haikuzungumzia tiba yoyote. Ilishuhudia mahali tu, nayo ilitegemea imani kwamba ofisa wa nchi ya asili aliipima kweli nafasi ile.

Tiba yenyewe ilizaliwa mbali na Bern. Mwaka 1886, katika mashamba ya michungwa ya Los Angeles yaliyovamiwa na mdudu gamba aliyetoka Australia, mtaalamu wa wadudu D. W. Coquillett alijaribu kuifunika miti kwa mahema na kuijaza gesi ya sianidi, na gesi ikaua. Jambo la kushangaza ni kwamba michungwa hiyo haikuokolewa na gesi bali na mbawakawa wekundu walioletwa kutoka Australia mwaka 1888 na 1889, ambao waliwala wadudu wale kwa haraka isiyotarajiwa. Lakini njia ya kufunika na kufukiza ilibaki, ikahamia kwenye vitalu vya miche, maghala na meli.

Namna mzigo ulivyoanza kuhama inaonekana wazi katika kisa cha miche ya micheri ambayo jiji la Tokyo liliupelekea mji wa Washington kama zawadi. Miche 2,000 hivi iliwasili mwanzoni mwa mwaka 1910. Wakaguzi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani wakaikuta imejaa wadudu na minyoo ya mizizi, na kwa idhini ya Rais Taft ikachomwa moto mwezi Januari, jambo lililowatia wanadiplomasia wasiwasi mkubwa. Japani haikususa. Wataalamu wake walikuza miche mingine kwa uangalizi maalumu, wakaihakiki kabla ya kuipakia, na miche 3,020 ikapokelewa mwaka 1912 bila kasoro. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Karantini ya Mimea, iliyoifanya hati ya ukaguzi kutoka nchi ya asili kuwa sharti la kuingiza miche.

Mikataba mipana ilifuata kwa kusuasua. Ule uliotiwa saini Roma mwaka 1914 ulikwamishwa na vita, wa mwaka 1929 haukukubaliwa na nchi nyingi, na ni mwaka 1951 tu, chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ndipo ulipopatikana Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea, unaotumika hadi leo baada ya kurekebishwa, na ambao kiambatisho chake kina kielelezo cha cheti kimoja kwa nchi zote.

Afrika Mashariki iliijua vizuri gharama ya mdudu asiyezuiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Tabora walianza kuona mahindi yao yakigeuka unga ghalani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mharibifu akatambuliwa kuwa mbawakawa wa Meksiko na Amerika ya Kati, ambaye Watanzania walimwita dumuzi. Dumuzi hutoboa mahindi yakiwa bado kwenye magunzi na hula hata muhogo mkavu. Alienea hadi Kenya na nchi nyingine jirani, na mahindi ya Tanzania yaliyouzwa nje yakaanza kutiliwa shaka na kudaiwa kufukizwa. Nchi iliyokuwa imepokea mdudu kutoka nje ikawa sasa ndiyo inayotakiwa kuthibitisha kwamba haimpeleki kwingine.

Udhaifu mkubwa zaidi wa cheti cha karatasi ulifichuliwa na mbao za kufungashia. Mwaka 1996 mbawakawa wa Asia mwenye vipapasio virefu, ambaye viluwiluwi vyake hutafuna miti hai kutoka ndani, aligunduliwa katika miti ya barabarani huko Brooklyn, New York. Ilidhaniwa kuwa alisafiri ndani ya makreti na paleti zilizobeba mitambo na vyuma, bidhaa ambazo hakuna aliyewahi kuziombea cheti cha afya ya mimea. Paleti hutengenezwa kwa mbao duni, hukarabatiwa kwa vipande vya kutoka popote na huzunguka dunia mara nyingi, kwa hiyo kuiandikia kila moja hati yake hakukuwezekana. Mwaka 2002 kanuni ya kimataifa namba 15, iliyotungwa chini ya mkataba wa mwaka 1951, iliamua kuuweka ushahidi juu ya ubao wenyewe: kila paleti igongwe muhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi za nchi, namba ya mtengenezaji na herufi za tiba, ama HT kwa ubao uliopashwa moto hadi kiini chake kikafikia nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, ama MB kwa ule uliofukizwa kwa gesi ya methaili bromaidi.

Gesi hiyo ilikuwa na kesi yake. Uwezo wake wa kuua wadudu ulielezwa nchini Ufaransa mwaka 1932, na kwa kuwa hupenya haraka ndani ya mbao na nafaka ilipendwa sana bandarini, ingawa karibu haina harufu na wafukizaji walilazimika kuichanganya na gesi ya kutoa machozi ili kuwaonya watu. Mwaka 1992 iliingizwa katika Itifaki ya Montreal kama kiharibifu cha tabaka la ozoni. Nchi tajiri zikapewa hadi mwaka 2005 kuiacha na nchi zinazoendelea hadi 2015, isipokuwa kwa matumizi ya karantini na ya kabla ya kusafirisha. Kwa maneno mengine, kanuni ya kulinda misitu ilihalalisha mwaka 2002 gesi ambayo itifaki ya ozoni ilikuwa ikiiondoa katika matumizi mengine, kwa kutumia nafasi ambayo itifaki yenyewe iliiacha wazi.

Kwa wauzaji wa Afrika Mashariki, uzito wa mfumo huu umeonekana hasa katika matunda. Kenya, ambayo taasisi yake ya ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS, iliundwa mwaka 1996, iliruhusiwa mwaka 2019 kuuza China parachichi zilizogandishwa tu, kwa hofu ya nzi wa matunda, na ni wachache waliokuwa na mitambo ya kumenya na kugandisha. Parachichi mbichi zilikubaliwa mwaka 2022. Tanzania nayo ilianzisha mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, kwa sheria ya mwaka 2020.

Kwa nafaka, gesi inayotegemewa zaidi sasa ni fosfini, inayotoka katika vidonge vinavyokutana na unyevu wa hewa, nayo huhitaji siku kadhaa ndani ya mahali palipozibwa barabara. Uchunguzi wa FAO wa mwaka 1972 na 1973 ulikuwa tayari umekuta wadudu wa ghalani wanaoistahimili, na turubai linalovuja huwaongeza, kwa kuwa kipimo hafifu huwaacha hai wale sugu wakazaliana. Ndiyo maana Australia haitosheki na jina la gesi kwenye cheti. Hudai vipimo vya ukolezi wa gesi vilivyosomwa wakati wa kufukiza, hushirikiana na serikali za nchi zinazouza kuwasajili na kuwakagua wafukizaji wao, na hutangaza majina ya kampuni ambazo vyeti vyake havikubaliki tena katika bandari zake.