Bundi wa Walton Hall

Ndege wachache wamesingiziwa maovu kama bundi. Katika pwani yetu, akilia juu ya paa husemwa kuwa analeta nuksi au habari ya msiba, naye hufukuzwa kwa mawe na maapizo. Wako wadhanio kuwa hofu hii ni yetu peke yetu. Historia yakanusha.

Huko Yorkshire, Uingereza, karibu na mji wa Wakefield, liko jumba liitwalo Walton Hall. Mwenyewe alikuwa Charles Waterton, aliyezaliwa mwaka 1782 na kufariki mwaka 1865. Hapo zamani bundi hakuwa na amani katika jumba hilo. Bibi mzee aliyesimamia kazi za nyumba aliamini kuwa ndege huyu huchungulia madirishani mwa wagonjwa. Na mlinzi wa msitu alizidi kupendwa na bibi huyo kila alipompiga bundi risasi.

Mwaka 1813 Waterton alirejea kutoka Guiana, alikokuwa amesimamia mashamba ya jamaa zake yaliyolimwa na watumwa, akaitangua desturi hiyo. Juu ya gofu la lango la kale alijenga kijumba cha mawe na chokaa, kadiri ya futi 4 kila upande, akakaza ndani yake kijiti kinene cha mwaloni. Baada ya kama mwezi mmoja, bundi wawili, dume na jike, walihamia. Mlinzi alitishiwa kunyongwa kama angewagusa. Na bibi aliahidiwa kuwa maradhi na misiba yote itakayoletwa na wapangaji hao itakuwa juu ya bwana mwenyewe.

Kisha Waterton alitazama. Aliona kuwa bundi mwenye makinda huleta panya kiotani kila baada ya dakika 12 au 15. Alichunguza madonge ya manyoya na mifupa ambayo bundi huyatapika, akakuta katika kila donge mifupa ya panya 4 hata 7. Kwa muda wa miezi 16 madonge hayo yalizidi busheli moja, yaani kadiri ya madebe mawili. Mshitakiwa akadhihirika kuwa ndiye mlinzi wa ghala.

Lakini tusidhani kuwa ushahidi huo ulimtosha kila mtu. Bibi yule alifariki katika mwaka wa 84 wa umri wake, na Waterton alikiri kuwa hata siku hiyo hakuwahi kumtazama bundi kwa furaha. Alitii, hakusadiki. Amri ya bwana aliyezoea kuamuru yaweza kuuzuia mkono wa mtumishi, bali moyo haiufikii.

Leo wakulima wa nchi mbalimbali huweka masanduku ya bundi mashambani ili kupunguza panya. Atakaye bundi apone katika vijiji vyetu asitegemee sheria pekee. Na amwalike mzee pamoja na mjukuu wake, walifungue donge kwa mikono yao wenyewe, wahesabu mafuvu.