Jiko na Maneno Yake: Kutoka Mafiga Hadi Gesi

Historia ya vifaa vya kupikia nyumbani aghalabu huelezwa kwa kufuata nishati: kuni, mkaa, mafuta ya taa, gesi na umeme. Historia hiyohiyo yaweza kusomwa katika msamiati, na humo hudhihirika kwamba maneno hayaondoki pamoja na vifaa vilivyoyazaa.

Neno jiko ni la kale. Wingi wake, meko, unafuata mkondo wa jino na meno, na ndugu zake wamo katika lugha nyingine za Kibantu, mathalani iziko la Kizulu, yaani mahali pa kuwashia moto. Maana hiyo ya mahali ingali hai katika Kiswahili. Ilipoenea seredani, na baadaye jiko la bati la mkaa, moto ukawa kitu cha kubebeka, na jiko likawa pia jina la chombo kinunuliwacho sokoni. Mapema katika miaka ya 1980, Kenya ilipotengeneza jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani ili kubana matumizi ya mkaa, hata Kiingereza kililiita kwa jina lake la Kiswahili.

Vitenzi vya jikoni havikupata bahati hiyo. Zamani wali ulipokaribia kukauka, mpishi alipunguza moto wa chini, akapalia makaa juu ya kifuniko ili joto liushike pande zote mbili. Gesi haina makaa. Kitendo kinatoweka, ilhali nahau ya kujipalia makaa inabaki. Kijana wa mjini anajua kwamba maana yake ni kujitia matatani, lakini hajapata kuona makaa yakipaliwa.

Vivyo hivyo methali isemayo figa moja haliinjiki chungu. Hekima yake imo katika hesabu: chungu husimama juu ya mawe matatu. Kwa aliyelelewa penye jiko la gesi la moto mmoja, ambalo huinjikwa sufuria bila taabu, methali hiyo ni fumbo lisilo na ufunguo.

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuzifikia asilimia 80 ya kaya ifikapo mwaka 2034. Hakuna haja ya kuusikitikia moshi ulioumiza macho na vifua vya akina mama kwa vizazi vingi. Kinachohitaji kuokolewa ni maarifa yaliyomo katika lugha yao. Kamusi inayofasili nahau kwa maana yake ya mwisho tu imefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kueleza kitendo chenyewe, nani alikitenda, kwa chombo gani, na kwa nini. Wajuao kuyajibu maswali hayo ni wale waliopika juu ya mafiga, na wafaa kuulizwa wangali hai.